Fremu Saba za Nakiete

Haya nimeyapata kwa Namkunda mwenyewe, na Namkunda si mtu wa kuongeza chumvi. Chumvi ninayo mimi, lakini kwa heshima ya marehemu leo nimeiacha jikoni. Nitasema kama alivyoniambia, na pale nitakaposhindwa kujizuia mtanisamehe, maana watu wa Juumlango wana mambo ambayo ukiyasikia ukanyamaza, basi una moyo wa peke yako.

Msiniulize Juumlango iko wapi, wala alipanda nini kufika huko. Alifika. Mama aliyepata barua kwamba mwanawe amefia ugenini hahesabu vituo.

Namkunda ni mchora vibao. Karakana yake iko ubavuni mwa soko la ndizi, na nusu ya mji ule imeandikwa na mkono wake: saluni, duka la dawa, fundi cherehani, chuma chakavu. Herufi zake zimenyooka, nene, na mtu huzisoma akiwa ng'ambo ya barabara, hata awe anakimbia mvua. Mwanawe wa pekee, Nakiete, alikulia kwenye sakafu ya karakana ile, katikati ya makopo ya rangi. Alipokuwa na miaka sita alianza kuchora kwa mkaa herufi zake mwenyewe. K yake iliegemea I kama mtu aliyechoka. E yake ilikuwa na mkono wa katikati mrefu kuliko mingine, umenyooshwa kama unaomba kitu. Zilikuwa nzuri, zilikuwa ngeni, na hazikusomeka. Mama mtu alizitazama, akashika kiuno, akauliza, "Sasa hii nani ataisoma?"

Mtoto, bila kuinua kichwa, akajibu, "Wewe."

Akakua, na herufi zikakua naye, na ugomvi haukubaki nyuma. Wateja walirudisha vibao. Mwenye bucha mmoja alisema anauza nyama, hauzi mafumbo. Siku hiyo Namkunda, amechoka na jua limemchoma, alimwambia mwanawe neno ambalo hata aliponihadithia alilisema akiwa ametazama ukuta: "Kama unataka kuandika visivyosomeka, nenda kawaandikie wasiojua kusoma." Nakiete akafunga brashi zake kwenye kanga. Alikuwa amesikia kuna nchi inayoheshimu vichwa vya maandishi kuliko kitu chochote, akaifuata. Miaka minne alikaa huko. Barua zake zilikuja tatu, na ya nne iliandikwa na mtu mwingine.

Sasa niwaeleze nchi yenyewe, maana bila hivyo hamtaelewa kilichompata huyu mama.

Juumlango, juu ya kila mlango pana ubao wenye misumari, na ndani ya kila nyumba mna sanduku la herufi za mbao. Kila asubuhi matarishi wa Ofisi ya Vichwa hupita na vikaratasi. Kikaratasi kinataja maneno ya kutundikwa siku hiyo, ambayo wao huyaita kichwa, na kinataja jina la umbo la herufi. Mwenye nyumba hufungua sanduku lake, akatafuta umbo lililotajwa, akatundika. Kisha watu wote hutoka, kila mtu mbele ya mlango wake, wanasoma kwa sauti moja, mtaa mzima, nchi nzima. Wanasema wakisikia sauti hiyo ndipo wanajua kumekucha. Namkunda alisema ni kitu kizuri kusikia, na mimi namwamini.

Ofisi haipeleki herufi. Inapeleka jina la herufi tu, na kila nyumba inatumia zilizomo kwenye sanduku lake. Masanduku hayafanani. Nyumba yenye uwezo ina maumbo ishirini, ya mnyonge ina matano. Hayo matano ndiyo yaliyomo kwa kila mtu bila kukosa, tangu nchi ilipoanzishwa, nao huyaita Herufi za Salama: Viatu Vipana, Viatu Vyembamba, Peku wa Mjini, Peku wa Shamba, na Karani. Za viatu ni zile zenye vikanyagio miguuni, vile vistari vidogo vya kusimamia. Za peku hazina. Karani ni ile ambayo kila herufi imepewa nafasi sawa na mwenzake, iwe nyembamba au nene, na hutumika kuandikia makatazo.

Nyumba isipokuwa na umbo lililotajwa, ni mwiko kubahatisha. Wanasema zamani mtu mmoja alibahatisha, bibi harusi akapelekwa nyumba siyo, na kwa kuwa kichwa kilikuwa kimeshasomwa, ndoa ikasimama. Watoto wa ndoa hiyo bado wapo. Kwa hiyo siku hizi, pale herufi inapokosekana, hutundikwa kifremu kitupu cha mbao, fremu moja kwa kila herufi moja. Kikaratasi huwa na mstari wa pili, unaosema: isipopatikana hiyo, iwekwe ipi. Kila mtu hujaza mstari wa pili.

Na mtu akifa, jina lake hutundikwa asubuhi saba. Siku ya saba kilicho juu ya milango ndicho kinachochongwa kwenye kaburi. Asiyesomwa siku ya saba huandikwa katika daftari la Wasiofika, kaburi lake linasawazishwa, na panapandwa mbogamboga.

Namkunda alipokelewa na Bi Sikitu, mpangishaji wa Nakiete, mama wa makamo mwenye mikono ya kufua. Ndiye aliyemuuguza, na ndiye aliyeandika ile barua ya nne. Alimwonyesha chumba: kitanda, meza, na juu ya meza sanduku dogo. Ndani mlikuwa na herufi za mbao, seti moja nzima, zimepigwa msasa mpaka zikawa laini kama sabuni. K imeegemea. E imenyoosha mkono.

"Alizichonga miaka yote minne," Bi Sikitu alisema. "Jioni akitoka kazini, ndiyo shughuli yake. Nilimuuliza za nini, akasema kuna mtu anamwandikia kibao."

"Nani?"

"Hakusema, dada. Na mimi sikumbana."

Namkunda aliketi kitandani akalia mpaka Bi Sikitu akatoka kumpisha. Alipomaliza alikuwa ameshaamua. Jina la mwanawe litasomwa kwenye kila mlango wa nchi ile, na litasomwa kwa herufi za mwanawe.

Ofisi ya Vichwa ilikuwa na karani mmoja, Bwana Kadiri, mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kunyoosha karatasi ambayo tayari imenyooka.

"Pole sana, mama. Jina la marehemu?"

"Nakiete."

"Umbo la herufi?"

Namkunda akafungua sanduku. Bwana Kadiri akachukua E, akaigeuza, akaishika kwa muda mrefu kuliko kazi yake ilivyodai.

"Nzuri," alisema. "Zimo kwenye masanduku ya nyumba ngapi?"

"Moja."

"Nyumba zetu ni elfu nne na mia mbili."

"Nimesikia."

"Basi tuandike hizi mstari wa kwanza, mama, kwa heshima yake. Mstari wa pili tuweke Peku wa Mjini, ni safi, haina makuu. Isipopatikana ya kwanza, na haitapatikana, watu watamsoma kwa Peku."

"Mstari wa pili acha wazi."

Bwana Kadiri akaweka kalamu chini. "Mama, hata Sheha Mkuu alipomzika baba yake alijaza mstari wa pili."

"Maisha yake yote nilimwambia mwanangu aandike kama wenzake," Namkunda alisema. "Leo amelala, na bado nimwambie? Andika: hakuna. Hii tu."

Mimi ningemshika mkono. Nyie pia mngemshika. Lakini hatukuwepo, na Bwana Kadiri hakuwa mtu wa kushika watu mikono, akagonga muhuri. Kisha akampa karatasi ya habari, ile inayobandikwa chini ya kichwa, karibu na bawaba, kwa maandishi madogo. "Hapa andika chochote utakacho," alisema. "Hakuna kipimo. Hakuna anayesoma." Namkunda aliandika ukurasa mzima, nao matarishi wakaunakili kwa kila mlango.

Asubuhi ya kwanza aliamka mapema, akavaa nguo yake nyeusi, akasimama na Bi Sikitu mbele ya mlango. Matarishi walikuwa wameshapita. Alitazama ubao wa nyumba ile, ambao kwa haki ya kuwa na sanduku la Nakiete ulikuwa na jina lote, K imeegemea, E zote mbili zimenyoosha mikono. Moyo wake ulijaa. Kisha akageuka kutazama nyumba ya pili, na ya tatu, na mtaa mzima kushuka mpaka bondeni. Juu ya kila mlango palikuwa na fremu saba tupu.

Watu wakatoka. Wazee, mama wenye watoto mgongoni, vijana wamevaa nguo za kazi. Wakainua nyuso wakasoma kilichokuwepo, kwa sauti moja iliyotetemesha madirisha: tupu, tupu, tupu, tupu, tupu, tupu, tupu.

Wala hawakufanya mzaha. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, aliniambia. Wangecheka angejua la kufanya. Walikuwa wanalia. Jirani mmoja, mzee mnene mwenye kikoi, alijifuta macho akasema, "Masikini Tupu. Kuna watu wanaondoka ukaona kabisa pengo." Wanawake wakaanza kuleta maua, kwa sababu huko maua hupelekwa kwa marehemu kulingana na alivyowagusa watu, na hakuna marehemu aliyewahi kuwagusa kama Tupu. Kila mtu aliweza kumweka mtu wake katika zile fremu.

Namkunda alimkimbilia yule mzee, akamwonyesha karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa mzee mwenyewe.

"Baba, anaitwa Nakiete. Jina lake hili hapa chini. Limeandikwa hapa, tazama."

"Hiyo ni habari, binti yangu," mzee alisema kwa upole. "Sisi tunasoma kichwa."

"Lakini iko mbele yako. Inama tu."

"Nikiinama nitaacha kuona kichwa," alijibu, na akaona ameshajibu.

Namkunda akarudi kwa Bi Sikitu, ambaye naye alikuwa ametoka barabarani na alikuwa amesoma tupu pamoja na wenzake, kwa kuwa sauti ya mtaa ni moja.

"Na wewe, Sikitu? Wewe uliyemshika mkono?"

"Najua ni yeye, dada. Moyoni najua. Lakini nchi inasoma, nisome kingine peke yangu, nani atanisikia?" Bi Sikitu aliangalia chini. "Ungejaza mstari wa pili."

Ofisini Bwana Kadiri hakumwambia, "Nilikuonya." Alimpa maji ya kunywa, akanyoosha karatasi yake. Kichwa kilichokwisha kusomwa hakibadilishwi na karani, alisema. Kinabadilishwa na Baraza. Namkunda akaomba apelekwe Barazani siku hiyohiyo, na kweli akapelekwa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa.

Baraza la Juumlango lina pande mbili. Upande wa kulia wanakaa watu wa Viatu, na kushoto wanakaa Peku. Watu wa Viatu wanasema kichwa ni mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima haji bila viatu. Peku wanasema mlango ni mahali pa kuvulia viatu, kila mtu aliyelelewa vizuri anajua hivyo. Wamebishana juu ya jambo hili tangu babu zao. Kuna ndugu hawazikani kwa ajili yake. Sheria hawajapitisha hata moja kwa miaka kumi na minne, ila ile ya kuongeza viti.

Ombi la Namkunda lilikuwa la sentensi moja: fremu zitolewe, liwekwe jina kwa herufi yoyote iliyo salama. Walilisikiliza wote kwa huzuni ya kweli. Kisha mjumbe wa kwanza akasimama, akatoa pole, akauliza: herufi ipi?

Wakabishana siku ya kwanza yote, na ya pili, na ya tatu. Mjumbe wa Viatu, bibi mmoja mwenye miwani, alieleza kwa saa nyingi kwamba T isiyo na kikanyagio haiwezi kusimama juu ya msiba, itaanguka. Mjumbe wa Peku alileta vipimo kuonyesha kwamba vikanyagio huchosha jicho lenye machozi. Mwingine akapendekeza herufi za mwanzo na mwisho zivae viatu na za katikati ziwe peku, akazomewa na pande zote, na hiyo ndiyo mara pekee walipokubaliana. Huko nje, kila asubuhi, nchi iliendelea kumlilia Tupu. Siku ya nne watu walianza kuota kuhusu Tupu. Siku ya tano palitangazwa kwamba marehemu anayependwa kiasi hicho hawezi kukosa kaburi, na vijana wakajitolea kuchimba.

Siku hiyo ya tano Namkunda aliruhusiwa kusema. Alikuwa hajala sawasawa, sauti imemkauka.

"Waheshimiwa," alisema, "mwanangu alizaliwa peku. Niliyemvalisha viatu vya kwanza ni mimi, vilimbana akavitupa kisimani. Sijui sasa angetaka nini. Nilijua herufi aliyoitaka, nimeiweka, na kumbe nimemfuta. Mpeni yoyote. Mpeni mliyo nayo. Mimi nataka mtu mmoja tu alisome jina lake."

Watu walijifuta macho. Kisha mjumbe wa Peku akasimama akaomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba mama wa marehemu amekiri marehemu alikuwa Peku tangu kuzaliwa. Watu wa Viatu wakatoka nje kwa kishindo, wakarudi tu kuuliza vile viatu alivyovitupa vilikuwa vipana au vyembamba.

Jioni ya siku ya sita Sheha Mkuu, ambaye alitaka kwenda kula, akakata shauri. Kwa kuwa Viatu na Peku hawapatani, jina liandikwe kwa Karani. Ndiyo ile ya makatazo. Pande zote zikakubali, kwa sababu hakuna upande ulioipenda. Namkunda alimshukuru Sheha, akawashukuru wajumbe mmoja mmoja. Alikuwa ameshafika mahali ambapo mtu hushukuru chochote.

Asubuhi ya saba ilikuwa na ukungu. Namkunda alisimama katikati ya barabara ili aone milango mingi kwa mara moja. Juu ya kila mlango jina lilikuwepo, herufi saba, kila moja na nafasi sawa na mwenzake, kama lilivyokuwa limeandikwa juma lililotangulia neno la kuwakataza watu wasifunge mbuzi hapo. Watu wakatoka. Wakainua nyuso.

"Nakiete," wakasoma.

Lilitoka safi, kwa sauti moja, kutoka mlimani mpaka bondeni, mara moja tu. Kisha wakageuka kuingia ndani. Mama mmoja akamuuliza mwenzake, "Na huyu naye nani?" Mwenzake akasema, "Sijui, katangazwa leo tu. Mimi machozi yote yameishia kwa Tupu." Yule mzee wa kikoi alimsalimia Namkunda kwa heshima akaenda kuswaki.

Bwana Kadiri alikuja mwenyewe, nje ya saa za kazi, kumpeleka makaburini. Walipofika Namkunda akaelewa kwa nini. Yalikuwa makaburi mawili ubavu kwa ubavu. La kwanza lilikuwa na jiwe dogo lililochongwa asubuhi ile, NAKIETE, kwa Karani, na udongo mtupu juu yake. La pili lilikuwa kubwa, limejengewa, na jiwe lake lilikuwa na fremu saba. Maua yalilifunika mpaka njia haikupitika, na watu walikuwa bado wanaleta. Ndani yake hamkuwa na mtu.

"Yale maua," Namkunda alisema, "si yake?"

"Kwa daftari, mama, ni ya Tupu."

"Nichukue moja tu nimwekee mwanangu."

Bwana Kadiri alitazama kulia na kushoto. Nadhani alitaka kumwambia achukue. "Sina mamlaka," alisema, akavua kofia, akasimama hivyo kwa muda mrefu, na kwa mtu kama yeye huenda hilo lilikuwa kubwa.

Namkunda aliketi kati ya makaburi mawili. Aliniambia hakulia, alikuwa mkavu kama ubao. Alifikiri: nilimtaka asomwe kwa herufi yake, wakalia bila kumjua. Nikamtaka asomwe kwa herufi yao, wakamjua bila kulia. Na vyote viwili nimevifanya mimi, na la kwanza kabisa, lile la siku ya bucha, nimelifanya mimi.

Bi Sikitu alikuja jua likiwa limepanda. Mkononi alikuwa na karatasi aliyoibandua kwenye mlango wake, ile ya habari, na kona zake zilikuwa zimechanika. Alikuwa amelia mpaka uso umevimba.

"Dada," alisema, "nimeinama."

Namkunda aliinua uso.

"Nilikuwa nafagia. Ufagio ukaigusa. Nikaona neno, nikaona la pili." Akakaa chini juu ya udongo, jambo ambalo watu wa kule hawalifanyi, akaiweka karatasi mapajani, akaanza kusoma. Alisoma polepole, na alikuwa akikwama, kwa sababu tangu utoto wake hakuwahi kusoma maandishi madogo ya chini ya kichwa:

"Huyu ni Nakiete, binti yangu. Alizaliwa msimu wa njugu. Hakupenda maziwa. Alichora kwenye sakafu yangu, kwenye milango yangu, kwenye mgongo wa mkono wangu nikiwa nimelala mchana. Nilimfukuza kwa ajili ya kibao cha nyama. Aliniandikia barua tatu na sikujibu hata moja, nilikuwa nangoja ya nne ili nisionekane nimeshindwa. Mwenye kusoma hapa, tafadhali sema jina lake."

Bi Sikitu akasema jina lake. Alilisema si kwa sauti ya mtaa, bali kwa ile aliyokuwa akiitumia kumwita aje kula. Hapo ndipo Namkunda alipovunjika, na wale wawili wakalia pamoja juu ya lile kaburi dogo mpaka jua likawa kali. Waliokuwa wakileta maua walipita pembeni kwa adabu. Hawakujua wale wanamlilia nani, kwa kuwa juu yao hapakuwa na kichwa.

Alirudi kwao na sanduku la herufi. Karakana ipo mahali palepale, ubavuni mwa soko la ndizi, nendeni mkaone. Juu ya mlango kuna kibao kipya. Mstari wa juu una herufi za mbao zilizopigwa msasa mpaka zikawa laini, K imeegemea, E zote mbili zimenyoosha mikono. Chini yake, kwa rangi nyeusi, kwa zile herufi nene zilizonyooka ambazo mji mzima unazijua, pameandikwa jina lilelile mara ya pili. Ndilo wanalolisoma watu. Siku hizi hata watoto wanaopita wanaita karakana hiyo kwa Nakiete.

Siku niliyokwenda kuandikiwa kibao changu, nilikaa kwenye kigoda nikakitazama kile cha juu ya mlango kwa muda. Sikuwa najua habari yoyote wakati huo. Niliuliza kama mtu yeyote angeuliza.

"Mama, huu mstari wa juu nani ataweza kuusoma?"

Namkunda alikuwa anachanganya rangi. Hakuinua kichwa.

"Mimi," alisema.